Daftari la Mlinzi

Katika miji midogo ya jimbo la Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia, kwa muda uliozidi nusu karne, mchunga ng'ombe mwenyeji wa asili wa nchi ile aliyetaka shati jipya, au blanketi la mkewe, au dawa ya mtoto, hakuanzia safari yake dukani. Alianzia kituo cha polisi. Alisimama mbele ya meza ya mtu aliyekuwa askari kwa kazi yake ya kila siku na ambaye kwa cheo chake cha pili aliitwa Mlinzi wa Waaborijini, akaeleza haja yake kama mtu anayeomba, na yule askari akafungua daftari, akapima mwenyewe kama haja ile ni haja ya kweli ama ni upuuzi, akaandika kiasi alichoona kinafaa, kisha akamsogezea wino ili mwenye fedha atie dole gumba pembeni mwa mstari. Mara nyingi aliyetia dole gumba hakujua kusoma. Hakujua kilichoandikwa mstarini, wala kilichosalia chini yake, wala kilichotolewa jana kwa jina lake na mtu mwingine. Fedha zilikuwa zake, nazo ni za miezi mingi juu ya tandiko la farasi, katika jua na vumbi. Walakini alizipata kwa ombi, na pengine hakuzipata.

Sheria iliyompa askari madaraka hayo ilipitishwa mwaka 1897, na jina lake rasmi liliunganisha mambo mawili yasiyo na udugu wowote: kuwahifadhi Waaborijini na kuzuia uuzaji wa afyuni. Kwa sheria hiyo, na kwa kanuni zilizoifuata, Mwaborijini wa Queensland aliwekwa chini ya serikali kama yatima awekwavyo chini ya wasii wa mirathi, tofauti ikiwa kwamba yatima hukua, akabaleghe, akakabidhiwa chake, ilhali Mwaborijini hata akiwa mzee wa mvi na mwenye wajukuu aliendelea kuhesabiwa mtoto. Mlinzi ndiye aliyetoa ruhusa ya kuajiriwa, ndiye aliyeidhinisha mkataba na mwenye shamba, na ndiye aliyepokea sehemu kubwa ya mshahara akaitia katika akaunti ya amana. Sehemu ndogo iliyobaki iliitwa fedha za mfukoni, nayo aghalabu haikufika mfukoni, kwa kuwa iliandikwa katika deni la duka la shamba, ambalo mwenyewe ni mwajiri yule yule, kwa bei alizozipanga yeye.

Tena mshahara wenyewe, kabla haujaguswa na mkono wa Mlinzi, ulikuwa umekwisha kupunguzwa. Kuanzia mwaka 1919 kiwango cha mchunga ng'ombe Mwaborijini wa Queensland kiliwekwa kuwa thuluthi mbili za kile alicholipwa mzungu kwa kazi ile ile, na kipimo hicho kikadumu hadi mwaka 1968. Wote waliohusika walijua kwamba haikuwa kazi ya thuluthi mbili. Wenye mashamba walikiri waziwazi kuwa bila Waaborijini, waliojua kila kisima na kila bonde la nchi ile kwa kuwa ni nchi yao, biashara ya ng'ombe ya kaskazini isingeweza kusimama.

Fedha zilizowekwa amana zilikwenda wapi? Jawabu lilikaa miaka mingi ndani ya majalada ya idara, mpaka mwanahistoria Ros Kidd aliporuhusiwa kuyapekua katika utafiti wake wa shahada ya udaktari, akatoa mwaka 1997 kitabu kilichoitwa *The Way We Civilise*, na baadaye kingine kilichozungumzia serikali kama mdhamini anayepaswa kujibu mashtaka. Alionyesha kwamba dole gumba lenyewe lilitakiwa kwa sababu wakubwa walikuwa hawawaamini askari wao. Kwamba mwaka 1933 akiba zilizokuwa zimetawanyika vituoni zilikusanywa Brisbane, ambako ziliwekezwa kwa faida isiyowarudia wenyewe. Kwamba yalikuwapo makato ya namna kwa namna, mengine yakiitwa ya kuwasaidia maskini, yaliyotumika kuendeshea vijiji vya serikali ambavyo serikali ilipaswa kuviendesha kwa hazina yake. Hata posho ya watoto, iliyoanza kutolewa na serikali kuu mwaka 1941 kwa akina mama wa Australia, kwa mama wa Kiaborijini aliyekaa kijiji cha serikali au misheni ilipokelewa na wakuu wa mahali pale.

Hapo ndipo neno amana linapotuuma sisi wasomaji wa Kiswahili kuliko wengine, maana tunalijua. Mtu anayeweka kwako mali yake, kwa hiari au kwa kulazimika, amekukabidhi jambo ambalo utaulizwa. Na aliyeharibu amana haitwi mtu aliyekosea hesabu, huitwa haini. Mtoto wa pwani hufundishwa mapema, angali chuoni na ubao wake mapajani, kwamba kumcheleweshea kibarua ujira wake ni dhuluma. Waaborijini hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Wao waliliita jambo hili kwa jina lake, ujira ulioibwa, na jina hilo ndilo lililobaki katika vinywa vya watu na katika mashauri ya mahakama.

Nasi Afrika ya Mashariki tunayo kumbukumbu ya jambo lenye nasaba na hili. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimechukua majina yao kutoka kwa jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wapagazi waliobeba chakula na risasi mpaka maelfu kwa maelfu wakafa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa bunduki. Ujira wa marehemu ambao jamaa zao hawakupatikana, au hawakutafutwa vya kutosha, ulibaki mikononi mwa serikali. Tunapita Kariakoo kununua vitenge na viazi, na jina la deni lile liko juu ya vibao vya maduka.

Turejee Australia, kwa kuwa huko watu hawakukaa kimya wakingoja huruma. Mwaka 1936, katika visiwa vilivyo baina ya Queensland na Papua, vinavyoitwa Visiwa vya Mlango wa Bahari wa Torres, mabaharia waligoma. Hao walikuwa watu wa bahari kama walivyo watu wa Lamu na Pemba, wapiga mbizi wa chaza na konokono wa thamani ambao kombe zao zilitengenezewa vifungo vya nguo za Ulaya, na mashua walizozifanyia kazi nyingi zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha zao wenyewe, kwa jina la kijiji au la ukoo. Lakini Mlinzi ndiye aliyeamua nani awe baharia, mashua itoke lini, na mwenye mashua aruhusiwe kutumia kiasi gani cha mapato yake. Basi mwezi wa Januari, wasimamizi walipokwenda visiwani kuandikisha mabaharia wa msimu mpya, watu wengi walikataa kupanda. Mgomo ulidumu miezi kadhaa, na katika visiwa vingine ukaendelea zaidi. Mlinzi aliyechukiwa aliondolewa, akaja mwingine, na mwaka 1937 madiwani wa visiwa wakakutana kwa mara ya kwanza katika kisiwa cha Masig kuzungumza mambo yao. Fedha waliendelea kuwekewa na wengine, lakini amri ya usiku iliyowalazimisha kuingia majumbani iliondolewa, na hilo si jambo dogo kwa mtu mzima.

Miaka 10 baada ya mgomo huo, upande wa pili wa bara, katika nchi ya Pilbara ya Australia Magharibi, ulitokea mgomo ninaoupenda kuliko yote kwa namna ulivyoandaliwa. Wazee wa makabila mengi walikuwa wamekutana mwaka 1942 mahali panapoitwa Skull Springs, wakashauriana kwa siku nyingi, wakaafikiana kwamba kazi iachwe siku moja ile ile katika mashamba yote. Ila Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, wakaona wangoje iishe. Mashamba yale yametengana kwa safari za siku nyingi, watu wake wengi hawasomi, na sheria ilimkataza Mwaborijini kuacha kazi bila idhini. Dooley Bin Bin, mmoja wa viongozi pamoja na Clancy McKenna, alipita akigawa kalenda alizozitengeneza kwa mkono, alama moja kwa kila siku, na aliyepewa akazifuta moja baada ya moja kila jua lilipochwa. Alama zilipokwisha ilikuwa tarehe 1 Mei 1946, mwanzo wa msimu wa kukata manyoya ya kondoo, na watu wapatao 800 wakaondoka katika mashamba zaidi ya 20. Viongozi walifungwa, lakini watu hawakurudi.

Waliishi kwa nini? Kwa ngozi za kangaruu, kwa mbegu za majani, kwa kombe za lulu, na zaidi kwa madini ya bati waliyoyachimba wenyewe, na hapa msomaji wa kike ataona kitu anachokijua. Wanawake wa Pilbara tangu zamani walikuwa na chombo kirefu cha mti, chenye kina kidogo, kiitwacho yandi, cha kutenganisha mbegu na makapi. Wakakichukua chombo hicho, na baadaye wakakitengeneza kwa bati la chuma, wakatia mchanga wa mgodini, wakautikisa kwa mizungu ile ile anayoitumia mama wa kwetu mwenye ungo wa mchele mlangoni, mkono wa kulia ukiinua, wa kushoto ukirudisha, mpaka chembe nzito za madini zikabaki upande mmoja na vumbi likaenda zake. Kwa kupepeta huko watu waliokuwa wakilipwa unga, sukari, majani ya chai na tumbaku walijilisha miaka 3, na wengine hawakurudi kabisa katika kazi ya mabwana.

Mgomo wa Wave Hill, ulioanza tarehe 23 Agosti 1966 katika Eneo la Kaskazini, ndio wenye sifa zaidi duniani, nami sitaukalia sana. Vincent Lingiari wa Wagurindji aliwaongoza watu wapatao 200 kutoka katika shamba la kampuni ya Vestey, wakaenda kukaa kando ya kijito cha Wattie, na madai yaliyoanza na ujira yakawa madai ya ardhi. Mwaka 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam akamimina mchanga katika kiganja cha Lingiari kuonyesha kwamba sehemu ya nchi yao imerudishwa. Lakini yapasa kusemwa pia kilichofuata uamuzi wa mwaka 1966 wa kuwalipa wachunga ng'ombe Waaborijini sawa na wengine, uamuzi ambao utekelezaji wake uliahirishwa hadi Desemba 1968: wenye mashamba wengi, walipoona kwamba sasa itawabidi walipe, walizifukuza familia nzima kutoka mahali walipozaliwa, na watu waliokuwa na kazi bila mshahara wakawa hawana kazi wala mshahara.

Kwa hiyo deni la nchi ile ni la namna mbili, na asiyezitenga hatauelewa mjadala wa leo. Namna ya kwanza ni ya Queensland na New South Wales, ambako ujira ulilipwa lakini ukapokelewa na serikali, ukaandikwa katika daftari, na mwenyewe hakuuona. Huko New South Wales, kwa mfano, wasichana waliotolewa kwa wazazi wao wakafundishwa utumishi wa nyumbani katika nyumba ya Cootamundra walipelekwa kazini majumbani mwa watu, na sehemu kubwa ya mshahara wao ikaenda kwa bodi ya serikali. Namna ya pili ni ya Australia Magharibi na Eneo la Kaskazini, ambako mara nyingi hapakuwa na mshahara wa kuandikwa: mtu alifanya kazi kwa posho ya unga na nyama na nguo za msimu, na serikali, kwa sheria zake, iliruhusu iwe hivyo.

Malipo yalipoanza kuzungumzwa, yalianza kwa uchache. Kisiwa cha Palm, karibu na mji wa Townsville, kilikuwa kijiji cha serikali ambamo wengi waliishi kwa kuhamishwa kwa nguvu; mwaka 1957 wakazi waligoma juu ya ujira na ukali wa msimamizi, na viongozi 7 wakakamatwa alfajiri, wakatolewa kisiwani pamoja na familia zao. Karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1996, wafanyakazi 7 wa kisiwa hicho walishinda mbele ya tume ya haki za binadamu kwa kuwa walilipwa chini ya kiwango cha sheria hata baada ya mwaka 1975, ubaguzi ulipokwisha kupigwa marufuku, na tume ikasema kila mmoja alipwe dola 7,000. Mwaka 2002 serikali ya Queensland ilitoa dola milioni 55.4 kwa ajili ya mishahara ya zamani: dola 4,000 kwa mwenye umri mkubwa, 2,000 kwa aliye mdogo kidogo, kwa walio hai tu, na kwa sharti kwamba mpokeaji atie saini kuiacha haki yake ya kushtaki.

Nimelirudia sharti hilo mara nyingi akilini mwangu, nami siwezi kulielewa ila kwa namna moja: aliyelitunga alidhani anatoa sadaka. Mdaiwa halipi sehemu ya kumi ya deni akamwapisha mdai kwamba hatalitaja tena, akaliita jambo hilo ukarimu. Wazee wengi walilikataa. Wengine walilikubali kwa sababu walikuwa wagonjwa na maskini na hawakuwa na muda wa kungoja jambo bora, wala hapana wa kuwalaumu. New South Wales ilijitahidi zaidi kwa kuwa mwanzo ilihesabu kilichomo katika daftari la kila mtu na kukigeuza kwa thamani ya fedha za sasa. Baadaye, hesabu zilipokuwa ngumu na kumbukumbu pungufu, ikaamua kulipa dola 11,000 kwa kila aliyestahili. Baraza la Seneti lilichunguza jambo la nchi nzima mwaka 2006, likatoa taarifa yenye jina lisemalo kwamba shughuli haijakwisha.

Ikabaki njia ya mahakama. Hans Pearson, ambaye watu wake humwita mjomba kama ilivyo heshima yao kwa mtu mzima, nasi tungemwita ami, alikuwa mchunga ng'ombe wa Queensland ambaye kwa miaka aliamini kwamba akiba yake inakua, na alipotaka kununua nyumba akapewa pauni 28. Mwaka 2016 alikubali jina lake liongoze shauri la pamoja dhidi ya serikali ya jimbo. Mwaka 2019 serikali ikasuluhisha kwa dola milioni 190, pamoja na gharama za waliosimamia kesi, zigawanywe kwa wadai waliofika 10,000 na kuzidi. Mwaka 2020 Mervyn Street, mchoraji wa Wagooniyandi kutoka upande wa Fitzroy Crossing, aliongoza shauri kama hilo Australia Magharibi, kwa wale waliofanya kazi baina ya 1936 na 1972. Novemba 2023 serikali ilikubali kulipa hadi dola milioni 180.4, dola 16,500 kwa kila anayestahili, na Waziri Kiongozi Roger Cook akaomba radhi bungeni. Mwaka 2024 serikali kuu nayo ikafikia mapatano ya hadi dola milioni 202 kwa ajili ya Eneo la Kaskazini, katika shauri lililoongozwa na Minnie McDonald.

Je, huo ni ulipaji wa haki? Wapo wanaosema fedha ni nyingi, na kwa mtu anayesoma jumla ni nyingi kweli. Lakini mpe dola 16,500 mtu aliyefanya kazi tangu ana miaka 10, asubuhi kabla ya nyota kupotea mpaka usiku, kwa miaka 20. Hazifiki hata mshahara wa mwaka mmoja wa kibarua wa leo nchini mwao. Wanasheria hujibu kwamba haiwezekani kumpa kila mmoja haki yake kamili, kwa kuwa kumbukumbu zimepotea, zimeungua, zimeliwa na mchwa na mafuriko, au hazikuandikwa, na kwa hiyo kiwango kimoja kwa wote ndicho kinachowezekana.

Hapo ndipo nisipokubaliana nao. Aliyeshika daftari ni nani? Si mchunga ng'ombe, ambaye hata kuliona alikatazwa. Serikali ndiyo iliyojitwalia peke yake haki ya kuandika, ikamnyima mwenye mali hata kipande cha karatasi cha kumwonyesha mwanawe, kisha ikaja kumwambia mahakamani kwamba hana ushahidi. Katika desturi yetu, wasii akishindwa kuonyesha hesabu ya mali ya yatima, upungufu ni wake yeye na si wa yatima; mashaka yote humwangukia aliyekabidhiwa. Kama kanuni hiyo ingefuatwa tangu awali, mwenye kudai angeulizwa tu alifanya kazi wapi na kwa miaka mingapi, na serikali ndiyo ingelazimika kuthibitisha kwamba ilimlipa. Kuna wakati mapatano ya miaka ya karibuni yameelekea huko, kwa kukubali maelezo ya wazee na ya watoto wa marehemu, na hilo nalishukuru. Lakini limekuja wakati wazee wengi mno wamekwisha kuzikwa.

Mervyn Street alianza kazi ya ng'ombe angali mtoto, na alikuwa mtu mzima alipopata mshahara wake wa kwanza wa fedha. Siku hizi huchora, na pengine hatumii kitambaa bali ngozi ya ng'ombe iliyokauka, pamoja na manyoya yake pembeni. Juu ya ngozi hizo ameweka mazizi, farasi waliochoka, mafahali wanaoangushwa kwa kamba, na watu wenye kofia pana waliomfundisha kazi, wazee wake, ambao hawakulipwa kitu na hawakuwapo siku majina yalipoandikishwa.